Mtikisa-mkia: Ndege Mmoja au Wanne?

Kila mtoto wa Kivu amekwisha kumwona ndege mdogo mweusi na mweupe atembeaye uani akitikisa mkia. Yupo mbele ya darasa, yupo juu ya mabati, yupo bandarini penye mitumbwi, yupo pale mama wanapofua nguo. Hamwogopi mtu sana. Mtu akimkaribia, hukimbia hatua chache, husimama, hutikisa mkia juu na chini, kisha hurudi kwenye kazi yake ya kutafuta wadudu. Kwa sababu ya mkia huo huitwa mtikisa-mkia, nalo ni jina zuri.

Lakini jina hilo limeleta uvivu. Hupewa kila ndege mwembamba mwenye mkia usiotulia, na mtu akiisha kulitamka hudhani amemaliza kazi ya kumjua ndege. Hajaianza. Katika nchi ya milima iliyo kando ya ziwa Kivu na kaskazini ya ziwa Tanganyika kuna watikisa-mkia wanne wanaofaa kujulikana vizuri. Kila mmoja ana mahali pake na mavazi yake. Mmoja wao hupenda vijito vya mawe penye kivuli cha miti, na kijito kikiharibiwa huondoka. Anapoondoka hakuna anayesema neno, kwa sababu yule wa uani bado yupo, na watu hunyosha kidole: «Si yule pale? Ndege wa mto hajaenda popote.» Kumbe aliyeonyeshwa ni ndege mwingine kabisa.

Basi kuwatofautisha ndege hawa si mchezo wa wataalamu wenye miwani na vitabu vikubwa. Ni njia ya kujua kama kijito kingali kizima, na mtoto mwenye macho na subira aweza kuifuata.

Jina baya laweza kumficha hata ndege mkubwa. Mwaka 1913, huko Avakubi katika nchi ya Ituri, Mmarekani mmoja, James Chapin, aliona unyoya asioujua katika kofia ya mwenyeji mmoja. Aliupata, akautunza zaidi ya miaka 20 bila kujua ni wa ndege gani. Mwaka 1936 alikuwa Tervuren, katika jumba la Wabelgiji la kuhifadhi vitu vya Kongo. Huko, juu ya kabati, aliona ndege wawili wa zamani waliokaushwa. Kibandiko chao kilisema kwamba ni tausi wa Bara Hindi, wangali wachanga. Chapin akaukumbuka unyoya wake. Ndege wale hawakuwa wa Bara Hindi hata kidogo; walikuwa tausi wa Kongo, ndege wa misitu ya Kongo peke yake, ambaye alikuwa hajaandikwa katika kitabu chochote cha elimu ya ndege. Watu wa msituni walimjua siku zote, lakini hakuna aliyewauliza. Ndege mzito kama kuku alifichwa na kipande cha karatasi chenye jina la uongo. Je, itakuwaje kwa mtikisa-mkia, ambaye uzito wake ni gramu 30 hivi au pungufu?

Kabla ya kuwatenga, yafaa kuijua jamaa yao yote. Mtikisa-mkia hutembea. Shomoro hurukaruka kwa miguu miwili pamoja, lakini mtikisa-mkia hupiga hatua, mguu huu kisha ule, na akiona mdudu hukimbia kama mtoto aliyeitwa kula. Mdomo wake ni mwembamba, wa kuokota wadudu, si mnene kama wa shomoro mla mbegu. Arukapo hupanda na kushuka hewani kama mtumbwi juu ya mawimbi, tena hulia kila mara. Wala mtu asidanganywe na mkia peke yake. Yuko ndege mwingine wa kando ya maji atikisaye sehemu yake ya nyuma bila kuchoka, ambaye Waswahili wa pwani humwita kitwitwi. Kitwitwi ana mkia mfupi, mdomo mrefu na mgongo wa rangi ya udongo, wala hapandi juu ya mabati kuimba asubuhi.

Watoto huuliza: mkia huu hutikiswa kwa nini? Wengine hujibu kwamba ndege huwafukuza wadudu ili waruke apate kuwakamata. Jibu hilo husikika vizuri, lakini mwenye kumtazama ndege kwa muda mrefu hulitilia shaka, maana mkia hutikiswa hata juu ya paa, mahali pasipo na mdudu wa kufukuzwa. Mwaka 2006 yalitolewa maandishi ya uchunguzi juu ya mtikisa-mkia mweupe wa Ulaya. Uchunguzi ule ulionyesha kwamba mtikiso wa mkia hufuatana na kukaa macho kuliko kufuatana na kula. Ni kama mlinzi wa usiku anayekohoa ili mwizi ajue hajalala. Kipanga akimwona ndege wa namna hiyo, hujua kwamba hatamkuta amezubaa.

Sasa yule wa uani. Wataalamu humwita Motacilla aguimp. Neno Motacilla ni Kilatini cha kale, jina la ndege wa jamaa hii. Wale wa Kongo huongezewa jina la tatu, vidua, maana yake mjane, na mwenye kutazama mavazi yake meusi na meupe haulizi sababu. Kichwa ni cheusi, mgongo ni mweusi, kifuani ana mkanda mweusi mpana. Tumbo ni jeupe. Ana nyusi nyeupe, na ubavuni mwa shingo kipande kingine cheupe. Alama kubwa kuliko zote ni ya bawani: doa jeupe pana, linaloonekana hata mtu akiwa mbali, ndege awe amesimama au anaruka.

Huyu amejifunza kuishi na watu, na kwa kweli ameneemeka kwa kazi zao. Zamani alikuwa ndege wa mito mipana yenye mawe na mchanga, na hata leo yupo huko, kando ya Lualaba na kando ya Ruzizi. Lakini watu walipojenga nyumba, madaraja, mabwawa na magati, aliona mawe mengine na mchanga mwingine. Hujenga kiota chini ya mabati, katika tundu la ukuta, hata ndani ya chombo kilichofungwa pwani. Ua uliofagiwa kwake ni meza iliyoandaliwa.

Nao watu wamemlipa kwa heshima. Nchini Rwanda huitwa inyamanza, naye ndiye ndege wa ukoo wa Abagesera. Waganda humwita nnamunye. Watoto wa Maziwa Makuu, hata wale wasiowaacha njiwa wala shomoro kwa manati, wengi wameambiwa na wazee wao: «Huyu mwacheni.» Mila hiyo ni njema, nayo imefanya kazi ambayo hakuna askari angeiweza. Ila ina upungufu mmoja. Imemlinda ndege anayeonekana kila siku mlangoni, yule ambaye angeweza kujisaidia mwenyewe. Yule wa kijito cha msituni hakupata rafiki, kwa sababu hakuja kuomba.

Kabla ya kwenda kwake, mtego mmoja utajwe, maana ndio unaowakamata hata watu wazima. Mtikisa-mkia wa uani akiwa bado kijana si mweusi. Pale penye weusi wa wazazi wake yeye ana rangi ya majivu yenye udongo kidogo. Mtu akimwona kijana huyu kando ya maji, mara husema: «Nimemwona yule wa kijivu, yule wa msituni.» Sivyo. Atazame bawa. Kijana wa uani ana doa jeupe pana bawani kama mama yake. Tena asubiri kidogo. Mara nyingi mama atakuja na mdudu mdomoni, na mambo yote yatajulikana bila kitabu.

Ndege wa kijito anaitwa Motacilla clara. Kwa Kilatini clara ni angavu, safi, na waliochagua jina hilo walichagua vema. Mwingereza Sharpe ndiye aliyeliandika mwaka 1908, kwa ndege waliotoka Ethiopia, lakini makao yake ni marefu: toka Guinea huko magharibi mpaka Ethiopia, tena mpaka Afrika ya Kusini, kila mahali penye vijito vya mawe na miti. Huyu ni mwembamba kuliko wenzake wote, na mkia wake ni mrefu mno, hata huonekana kama ndege amefungwa kwenye mkia, si mkia kwenye ndege. Mgongo wake ni wa kijivu safi kinachokaribia buluu. Chini ni mweupe kama karatasi mpya. Kifuani mkanda ni mweusi lakini mwembamba, kama uzi uliofungwa shingoni mwa mtoto. Bawani hana lile doa kubwa. Ana mistari myeupe tu.

Mahali pake ni pale ambapo maji huteremka kwa kasi kati ya mawe, chini ya kivuli cha miti: katika miteremko ya Kahuzi, Itombwe na milima mingine ya namna hiyo. Husimama juu ya jiwe katikati ya mkondo, povu likimpita pande zote mbili. Hukimbia mpaka ukingo wa jiwe, huokota kitu majini, huruka kumkamata mdudu hewani, kisha hurudi juu ya jiwe lile lile. Chakula chake ni wadudu wa majini na wale watokao majini: kereng'ende, mabuu walio chini ya mawe, pengine na viluwiluwi. Sauti yake ni kali na nyembamba. Lazima iwe hivyo, maana sauti nzito ingemezwa na kelele ya maji. Mtu akimsogelea, haendi msituni. Hufuata mto, akizunguka kila kona pamoja na maji, na kutua mbele kidogo. Akifukuzwa tena hufanya vilevile, mpaka afike mwisho wa sehemu yake. Ndipo huzunguka juu ya kichwa cha mtu na kurudi alikotoka.

Maana ana sehemu yake. Kando ya mto Palmiet, karibu na mji wa Durban katika Afrika ya Kusini, ndege hawa walivishwa pete ndogo miguuni, wakafuatwa miaka mingi. Ikaonekana kwamba dume na jike hukaa pamoja katika kipande chao cha mto, mwaka mzima, na kuwafukuza jirani wanaovuka mpaka. Shamba la mtu lina urefu na upana. La ndege huyu ni refu tu, jembamba kama kamba, upana wake ni upana wa kijito. Ndani ya kamba hiyo hula, hulala, hulea watoto. Kiota chake hukitengeneza kwa majani, mizizi na kuvu la mawe, katika ufa wa mwamba au ukingoni, karibu sana na maji, pengine chini ya daraja. Mara nyingi huweka mayai mawili au matatu.

Mwenye kuyafikiri mambo hayo ataona hatari ilipo. Mtikisa-mkia wa uani akikatiwa mti mmoja hajali. Wa kijito hana pengine pa kwenda. Juu yake kuna jozi nyingine, chini yake kuna jozi nyingine, na kando yake kuna msitu usiomfaa kitu.

Wawili waliobaki wataelezwa kwa ufupi. Mmoja hupenda bonde lenye maji yaliyotulia, kinamasi cha juu milimani na mifereji ya mashamba. Jina lake ni Motacilla capensis. Mgongo wake ni wa rangi ya majivu na udongo, tumbo lake si jeupe safi bali kama maziwa yaliyoingia moshi, na mkanda wake wa kifuani ni kama umefutwafutwa. Ukimweka karibu na yule wa kijito, mmoja ni kama amevaa nguo ya Siku ya Mungu na mwingine nguo ya shamba. Wa nne ni mgeni, Motacilla flava, wa rangi ya manjano tumboni. Huyu huzaliwa Ulaya na Asia, huvuka jangwa la Sahara, na kufika Kongo kati ya Septemba na Oktoba. Hupenda majani mafupi penye ng'ombe, akitembea kati ya kwato zao na kuwala wadudu wanaoshtushwa. Jioni hulala kwa makundi makubwa katika matete. Mwezi wa Machi au Aprili huondoka. Manjano yake hayafanani na kitu kingine, ila majike na vijana wengine wamefifia. Hapo mahali na ng'ombe husaidia kumtambua.

Turudi kijitoni, maana ndiko penye neno.

Kijito cha mawe kina nyumba nyingi zisizoonekana. Chini ya kila jiwe, katika nafasi ndogo kati ya changarawe, hukaa mabuu ya wadudu. Huhitaji maji baridi yanayokimbia, yenye hewa safi ndani yake. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua huyapasha maji moto. Kilima kikilimwa mpaka ukingoni, mvua huteremsha udongo, na udongo huziba zile nafasi kati ya mawe. Mawe yangaliko, maji yangaliko, mtu apitaye barabarani huona kijito kama jana. Lakini nyumba zimezibwa na wenyeji wamekufa. Tena mafuriko huja kwa ghafula kuliko zamani, kwa kuwa hakuna mizizi ya kuyazuia, nacho kiota kilicho karibu na maji huchukuliwa.

Penye dhahabu mambo huenda mbio zaidi. Katika nchi ya Mwenga, huko Kamituga, dhahabu ilianza kuchimbwa zamani za Wabelgiji, na leo maelfu ya watu hutegemea majembe na mabeseni. Kijito hugeuzwa njia, changarawe hufuliwa kama nguo, na maji huteremka mekundu. Wengine hutumia zebaki kukusanya vumbi la dhahabu, nayo ni sumu kwa samaki na kwa mtu. Tena kuna wavuvi wanaotia sumu majini ili samaki walewe; sumu hiyo haichagui, huua na wadudu wote wa chini ya mawe.

Si haki kuwatukana wachimbaji na wakulima. Mchimbaji ana watoto wa kulisha, na mwanamke anayelima mpaka ukingoni hulima hapo kwa sababu udongo wa hapo una rutuba na shamba lake la juu limechoka. Mwenye kushiba asimhubirie mwenye njaa habari za ndege. Lakini mwanamke yule yule huteka maji katika kijito kile kile. Mtikisa-mkia hali dhahabu wala muhogo. Hula yale yanayoishi katika maji mazima. Akiwapo juu ya jiwe lake, kuna wadudu wa kumlisha, na mawe hayajazibwa. Hiyo si kusema kwamba maji hayo yanyweke bila kuchemshwa, maana ndege haoni vijidudu vya kuhara. Ni kusema tu kwamba kijito chenyewe hakijafa.

Wako wanaojibu: «Ndege huyu haliwi, haimbi sana, wala hayumo katika orodha ya ndege wanaohofiwa kwisha duniani. Kelele ya nini?» Neno la orodha ni kweli. Motacilla clara bado ni wengi katika Afrika, na hakuna haja ya kumlilia kama marehemu. Lakini orodha ya dunia haikuandikwa kwa ajili ya kijito kimoja nyuma ya kijiji. Ndege aweza kuwa mzima katika nchi kumi na kutoweka katika kijito ambacho watoto wa shule huoga. Orodha haitawaambia. Watajua wenyewe, kama walimjua kwanza.

Sheria nayo ipo. Sheria ya misitu ya Kongo ya tarehe 29 Agosti 2002 yakataza kufyeka miti kwa mita 50 kila upande wa mto, na kwa mita 100 kuzunguka chemchemi. Maneno yake ni wazi, nayo ni ya busara. Ni vijiji vingapi vilivyopata kusomewa maneno hayo kwa lugha yao? Na ni nani ataacha mita 50 za udongo mzuri kwa ajili ya karatasi iliyo mbali? Pengine ingekuwa rahisi zaidi kuanza na mita chache, penye mawe yasiyolimika, na kuacha miti iliyosimama pale isimame. Machifu wa vijiji waweza kuliamua jambo hilo katika baraza, bila kungoja mtu kutoka Bukavu au Kinshasa.

Mila ya wazee nayo yaweza kupanuliwa. Babu aliyemwambia mjukuu wake, «Huyu wa uani mwache,» aweza kuongeza neno moja: «Na yule mwenzake wa kijivu, wa kule majini, naye mwache.» Mjukuu atauliza: «Babu, ni yupi huyo?» Hapo ndipo babu atakapohitaji kumjua, nao watashuka pamoja.

Shule nyingi za milimani zina kijito karibu kuliko zilivyo karibu na duka la vitabu. Hata hivyo mtoto hujifunza majina ya mito ya Ulaya kabla ya kujua anayekaa juu ya jiwe la kijito chake. Picha ubaoni haitoshi, kwa kuwa picha haitembei, na ndege hawa hutambulikana nusu kwa rangi na nusu kwa mwendo na mahali. Saa moja tu kwa mwezi yatosha. Waende asubuhi, kabla watu hawajaanza kufua. Wasiende darasa zima kwa kelele. Watano au sita, wakae kimya mbali na maji, mgongo ukiegemea mti. Mmoja aandike siku na saa, mwingine rangi ya maji, mwingine ndege aliyeonekana: bawa lake lina doa pana au halina, mgongo wake ni mweusi, wa kijivu safi au wa udongo, mkia wake ni mrefu kiasi gani, amesimama wapi. Wasiandike jina kwanza. Jina liandikwe mwisho, na kama hawakubaliani, waache nafasi tupu mpaka mwezi ujao. Karatasi hizo zitunzwe shuleni, darasa hili liachie lile linalofuata, ili baada ya miaka watoto wengine waweze kulinganisha.

Kiota kisiguswe wala kukaribiwa, maana wazazi wakikaa mbali nacho muda mrefu mayai hupoa. Na kama jiwe la katikati ni tupu siku ile, wafuate ukingo polepole mpaka kona ya kwanza, halafu ya pili. Mara nyingi ndege amesogea tu mbele yao, na sauti yake nyembamba itasikika juu ya kelele ya maji kabla hajaonekana.